Gari Limehama Njia: Nani Kalihamisha?

Wazee wangu mlioshuka kutoka Kasulu na Kibondo kuja kunisikiliza: mwakeye. Najua salamu ya Muha haiishi kwa neno moja. Inataka makofi, inataka kuulizana habari za nyumbani, za shamba na za majirani mpaka wa mwisho. Nikiifuata yote, mhadhara utaanza jioni. Niwieni radhi.

Nimeambiwa mlangoni kwamba baadhi yenu mlilala mjini jana, kwa ndugu au gesti, ili muwahi saa tatu hii. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililonikera. Tumezoea mno. Mtu wa kwetu akialikwa harusi au mazishi, jambo la kwanza anapiga hesabu ya siku atakayoipoteza njiani, ya pili ndiyo mchango.

Kipo kituo kimoja kati ya Makere na Busunzu, katika barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Sikitaji jina kwa kuwa viko vingi vya namna hiyo. Pana mwembe na gogo lililolainika kwa kukaliwa. Kwa miaka mingi, saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, basi lilikuwa likipiga honi kwenye kona ya juu. Ile honi ilikuwa saa ya kijiji. Waliokuwa na safari waliikimbilia na wasio na safari waliamka nayo kwenda shamba. Chini ya mwembe ungemkuta mama na debe la maharage lililofungwa kanga, mwanafunzi na tranka lake, mjamzito na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa rambo.

Asubuhi moja honi haikulia. Watu wakasubiri hadi saa mbili. Wakasema limeharibika. Kesho yake wakasema limekamatwa na trafiki. Siku ya tatu akapatikana mjuzi wa kusema limekodiwa, kuna harusi Kigoma. Wiki ya pili utingo wake wa zamani akapita na bodaboda, akasimama kununua karanga, na ndiye aliyetoa taarifa rasmi: "Lile gari? Siku hizi linapiga Kahama."

Basi. Hivyo ndivyo njia inavyokufa kwetu: hakuna tangazo, na wala hakuna siku ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole akasema ilikufa leo. Ndiyo maana nimekuja na hoja nyembamba kuliko mlivyotarajia. Wanakijiji wanaodai basi lao lirudi wana kazi moja kabla ya kudai basi. Wadai jibu: nani aliliondoa, na alimwambia nani? Pasipo jibu hilo watakuwa wanagombana na ukungu.

Wapo watakaoniambia kwamba basi ni mali ya mtu, na mwenye mali ana hiari ya kuipeleka anakotaka. Kwa nchi ambayo watu wake walichagua wenyewe mahali pa kujenga, pengine. Lakini sisi tuliwekwa pale. Babu zetu hawakuishi kandokando ya barabara. Waliishi kwa kutawanyika vilimani, kila mji ndani ya migomba yake. Ikaja Operesheni Kigoma mwaka 1972, kabla ya operesheni za kuhamishia watu vijijini kuenea nchi nzima, watu wakateremshwa vilimani na kupangwa kwenye vijiji, vingi vikiwa vimenyooka pembeni ya barabara. Wengine walihama kwa hiari, wengine wakaona nyumba zao zikibomolewa. Sababu waliyopewa ilikuwa moja: sogeeni, huduma ziwafikie. Shule, zahanati, maji, na gari. Mjukuu anayesubiri chini ya mwembe leo anasubiri upande wa pili wa makubaliano yale. Babu yake alishalipa upande wake, kwa migomba aliyoiacha mlimani.

Na msidhani usafiri ulikuwa hauwezekani. Wakati mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalipohitaji mikono, usafiri wa Waha ulipatikana. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na manamba wakasafirishwa kwa malori na kwa treni kutoka Buha hadi pwani. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita chini, Uvinza, ikituacha kule juu. Wenzetu wanaitania Kigoma kuwa mwisho wa reli. Sisi wa nyanda za juu hata huo mwisho hatukuupata.

Baada ya uhuru kulikuwa na KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na kampuni za usafiri za mikoa. Sitazilamba miguu. Zilikuwa na magari mabovu na ratiba za kubahatisha, na mwisho wake mnaujua. Ila zilikuwa na sifa moja niliyochelewa kuiona: gari lisipokuja, ulijua ni nani wa kumtukana.

Sasa niseme la ajabu zaidi. Wengi wenu humu mnakumbuka miaka ya baada ya 1993, vita ya Burundi ilipowaka, wakimbizi wakavuka kwa malaki na bunduki zikavuka nao. Pori la Kakonko hadi Nyakanazi likawa la majambazi. Mabasi yalisindikizwa na polisi. Mara nyingine askari wenye silaha walipanda humo humo na kukaa nasi. Nilisafiri hivyo nikiwa kijana, magoti yangu yakigusana na kitako cha bunduki ya askari aliyekuwa akisinzia, na sikujua niogope lipi zaidi, jambazi au usingizi wake. Masika gari lilizama kwenye tope, tukashuka, tukavua viatu, tukasukuma. Na bado lilikuja. Na bado lilisimama kwenye kila mwembe.

Kisha lami ikaja, kwa vipande: Kidahwe hadi Kasulu kilomita 63, Nyakanazi hadi Kabingo kilomita 50, halafu kile kipande kirefu cha Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kama kilomita 260, ambacho mkopo wake Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinisha mwaka 2018. Tuliidai lami hiyo kwa kura. Mwaka 2010 majimbo manne ya mkoa huu, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini, yalikwenda kwa NCCR-Mageuzi, chama ambacho kwingineko nchini hakikupata hata jimbo moja. Kila mtu ana tafsiri yake ya matokeo yale. Yangu ni kwamba vumbi lilipiga kura.

Tukapata lami, na lami ikatuondolea basi. Kwenye tope dereva hakuwa na haraka ya kupoteza. Alisimama kwa sababu alikuwa karibu amesimama tayari. Kwenye lami kila kusimama ni hasara anayoiona kwa macho. Mwishoni mwa mwaka 2023 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilitangaza nauli ya daraja la kawaida kwenye lami kuwa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita. Chukueni kalamu. Mama wa maharage anakwenda mnadani, kilomita 12. Nauli yake ni shilingi 582. Kwa hizo 582 gari likanyage breki, utingo apande juu kufunga debe, chenji itafutwe, halafu kiti kibaki wazi baada ya kilomita 12. Abiria wa Mwanza anakalia kiti hicho hicho safari nzima. Mwenye gari hana roho mbaya, anajua tu kuzidisha. Mwaka huohuo 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi. Msafiri wa mbali alifurahi, na mimi nilifurahi. Ila sasa yapo mabasi yanayoupita ule mwembe saa nane usiku yakiwa na mapazia yaliyofungwa.

Nafasi iliyoachwa haikukaa wazi. Imejazwa na bodaboda na hizo gari ndogo ambazo Kanda ya Ziwa wamezibatiza michomoko, zilizotengenezwa kwa watu watano na kubeba tisa, wa tisa akiwa ameshikana bega na dereva kwenye kiti kimoja. Siwabezi vijana wale. Mjamzito akishikwa usiku, ndio wanaofika. Lakini mchomoko hauondoki mpaka ujae, na debe la maharage linalipiwa kama mtu.

Nigeuke kidogo niangalie kwa wenzetu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1985 iliyoanza kazi Oktoba 1986, iliwaachia wenye mabasi nje ya London wachague njia wenyewe, na vijiji vingi vikaachwa. Hata hivyo mwenye basi aliyetaka kuacha njia alitakiwa kutoa taarifa siku 42 kabla, na halmashauri ikapewa uwezo wa kulipia gari pale ambapo soko limekataa kwenda. Siku 42 ni muda wa kuitisha mkutano, kukusanya saini, kwenda gazetini. Manchester walichoka hata na utaratibu huo. Septemba 2023 wakaanza kuzirudisha njia chini ya mamlaka ya jiji, kampuni zikabaki kuendesha kwa mkataba. Mfumo wao sijautamani. Nimeitamani barua yao ya siku 42.

Sisi tunavyo vyombo, ila hatujui njia ya kuvifikia. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda LATRA badala ya SUMATRA iliunda pia baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri wa ardhini. Na chini kabisa tuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao muhtasari wake, ukigongwa muhuri, ni hati ya serikali.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo, kijiji kile cha mwembe, kama mtoto wa nyumbani. Mwalimu mstaafu alikuwa anaandika. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, andika tunaomba basi lirudi." Mwalimu akainua kalamu: "Shikamoo mzee. Tunamwomba nani?" Kimya. Mmoja akasema mwenye gari. Mwingine, diwani. Mwingine, mbunge. Mama mmoja, aliyekuwa amempakata mtoto anayelala, akasema bila kusimama: "Andika tunauliza. Njia hii ina leseni ya nani? Kama ipo, gari liko wapi? Kama haipo, ilifutwa lini?" Mwalimu akamtazama kwa muda, akakata mstari juu ya "tunaomba" na kuanza upya.

Halafu wakagombana kwa saa nzima juu ya jambo ambalo mimi, profesa wenu, nisingelifikiria: likirudi, lipite saa ngapi? Wa mnadani walitaka saa kumi na moja. Wenye wagonjwa wakasema kliniki inafunguliwa saa mbili, mjamzito atakaa kwenye baridi ya nini? Wanafunzi wa bweni walitaka Jumapili mchana. Ikaandikwa saa kumi na mbili kasorobo, pamoja na namba za simu za watu wawili watakaoweka alama kwenye daftari kila siku gari linapopita na kila siku lisipopita. Saini zikafika kurasa nne, nyingine za dole gumba.

Ikabaki kuifikisha barua hiyo Kigoma. Mwenyekiti wa kijiji aliiweka kwenye bahasha ya kaki, akaitia ndani ya shati, akakaa kwenye gogo. Kabla ya saa tano mchomoko ukasimama. Alikuwa wa tisa.