Mkuki wa Kidudu cha Kipindupindu

Leo tutazungumza habari za kidudu kiletacho kipindupindu, jinsi kiuavyo jirani zake na kurithi mali yao.

Ninyi mlioko Rahaleo, Mtwara, mwawajua kaa na kamba wa mikokoni. Magamba yao yana kitu kiitwacho kitini. Kidudu hiki hakikai matumboni mwa watu tu. Huishi pia mahali mto ukutanapo na bahari, nacho hupenda kujishikiza juu ya magamba kama hayo.

Kikisha kushika gamba, hutengeneza protini ambazo hujipanga zikawa mfano wa mkuki ndani ya ala. Ala hufupika ghafula, mkuki ukatoka, ukamchoma kidudu jirani na kumtia sumu, naye akapasuka. Ndugu wa ukoo mmoja hawadhuriki, maana wanazo protini za kuizima sumu hiyo. Wataalamu wa Marekani waliutambua mkuki huu katika kidudu cha kipindupindu mwaka 2006.

Jirani apasukapo, DNA yake, yaani uzi wenye jeni, humwagika majini. Muuaji hutoa unywele mwembamba wa protini, akaunasa uzi huo na kuuvuta ndani. Mwaka 2015 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walionyesha ya kuwa kuua na kurithi huenda pamoja.

Yatuhusu nini sisi? Jeni ni kama maarifa. Kama aliyeuawa alikuwa na jeni ya kustahimili dawa, muuaji huweza kuirithi. Dawa iliyofaa jana yaweza kushindwa kesho. Nasi twakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi.

Basi msinywe dawa za kuua vijidudu bila agizo la daktari. Mgonjwa wa kipindupindu huuawa hasa na kukaukiwa maji. Mnywesheni upesi maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa, na mpelekeni hospitali. Kaa na kamba wapikeni waive. Maji ya kunywa yachemsheni: mkuki wote ule haukifai kitu kidudu ndani ya maji yanayotokota.

Sasa zungumzeni katika kikundi chenu: maji yenu ya kunywa hutoka wapi, na ni nani nyumbani ayachemshaye? Kwaherini.