Paa Likiezuliwa, Familia Ilale Wapi?

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Magomeni, Mtwara

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo lililoleta mjadala mrefu katika kikao kilichopita. Nyumba ya mlengwa inakarabatiwa. Wakati huo huo kuna ugonjwa wa mlipuko, na serikali imetoa masharti ya watu kutosongamana. Je, familia ihamie kwa ndugu, au ibaki pale pale?

Fomu za ukarabati, za mashirika karibu yote tunayofanya nayo kazi, zina nafasi ya mabati, mbao, misumari, saruji na ujira wa fundi. Hazina mstari unaouliza watu watalala wapi. Inachukuliwa kwamba watakwenda kwa ndugu, maana sisi ni watu wa undugu. Ndivyo ilivyo siku zote, na hatuna nia ya kuubeza undugu. Ila mwaka 2020 na 2021 tulijifunza kwamba kwenda kwa ndugu nako kuna gharama, hata kama haimo kwenye bajeti.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake shule zilifungwa, na tarehe 23 Machi wasafiri kutoka nje walianza kuwekwa karantini siku 14 kwa gharama zao. Lakini hapa kwetu hapakuwa na amri ya kujifungia ndani. Mabasi yalitembea, masoko yalifunguliwa, na makanisa na misikiti iliendelea na ibada. Majirani zetu walichukua njia nyingine. Kenya iliweka kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri kuanzia tarehe 27 Machi 2020, na mwanzoni mwa Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi. Uganda magari binafsi yalisimamishwa, na kazi za ujenzi ziliruhusiwa iwapo tu mafundi watalala hapo hapo kwenye eneo la kazi. Huko Uingereza, kuanzia tarehe 1 Juni 2020, sheria ya England ilikataza mtu kulala usiku mahali pengine pasipo kwake bila sababu ya msingi. Fikirini hilo: kulala kwa dada yako likawa ni jambo la sheria.

Kwa hiyo wenzetu walijibiwa swali hili na serikali zao, wakapenda wasipende. Kwetu sisi swali liliachwa mikononi mwa familia, na familia ikalijibu kama ilivyozoea. Shule zilipofungwa, watoto wengi walipelekwa kwa bibi vijijini. Ukuta ulipoanguka, watu walikwenda kwa mjomba au kwa shangazi.

Na hapa Mtwara wakati wa kujenga ni mfupi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Fedha za korosho zinaanza kuingia Oktoba na Novemba. Yaani mtu anapata uwezo wa kuezua paa mvua ikiwa inabisha hodi. Ndiyo maana familia nyingi zinahama kwa pamoja katika wiki hizo hizo, na ndiyo maana utakuta nyumba moja ya vyumba vitatu hapa Magomeni, yenye choo kimoja na uani mmoja pamoja na wapangaji, imepokea watu kutoka nyumba mbili.

Tunamfahamu bibi mmoja wa mtaa huu, hatutamtaja jina. Mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati ule watu walipokuwa wakisema "changamoto ya upumuaji", ukuta wa nyumba ya binti yake uliliwa na mchwa ukalala. Binti akaja na watoto na mkwe, jumla watu tisa. Bibi akatoa kitanda chake kwa wajukuu, yeye akatandika mkeka kwenye korido. Madirisha yalifungwa usiku kwa kuogopa mbu na wezi. Wiki ya tatu kikohozi kiliingia, kikapita kwa mmoja mmoja mpaka kikamfikia yeye. Hakuna aliyepimwa, kwa hiyo hatuwezi kusema ilikuwa korona. Alilazwa, akapona, lakini msimu ule hakurudi shambani. Tulipomtembelea tulimwuliza kama aliwahi kufikiri kumwambia binti yake asije. Alitushangaa. "Nimwambie mwanangu alale wapi?"

Jibu hilo ndilo linalotusumbua. Mwenyeji katika mila zetu hana nafasi ya kusema hapana, hasa akiwa mzee, na mzee ndiye anayedhurika zaidi. Katika kikao kilichopita mzee mmoja alisema kwamba ukimkataza ndugu yako mlangoni umebomoa nyumba mbili badala ya moja. Amesema kweli. Kwa sababu hiyo hatutaki mwenyeji aachiwe mzigo wa kukataa. Uamuzi ufanyike mapema, kabla bati la kwanza halijang'olewa, na ufanyike na kamati pamoja na familia zote mbili. Mzee wa kanisa akisema, "Kamati imeona mama asipokee wageni kipindi hiki," hakuna atakayenuna kwa shangazi. Atanuna kwa kamati, na kamati ina mgongo mpana.

Msimamo wetu ni huu: wakati wa mlipuko, kuhamia kwa ndugu kuwe njia ya mwisho. Kazi nyingi za ukarabati hazihitaji familia kuondoka hata kidogo, kama zikipangwa. Kuezeka nyumba ya vyumba viwili kwa mabati ni kazi ya siku mbili tatu ikiwa mbao zimeshafika. Fundi anaweza kuezua upande mmoja, familia ikalala upande wa pili, kisha wakabadilishana. Sakafu ya saruji inatakiwa kumwagiwa maji kwa muda wa wiki moja hivi, basi imwagwe chumba kimoja kwanza. Ukuta wa fito na udongo ndio wenye shida, kwa kuwa hauna haraka ya kukauka, na huo ufanywe mapema, Juni au Julai, kusiwe na mbio za Novemba. Kwa siku zile chache za paa, turubai imara uani, nguzo sita na jiko la nje vinatosha kabisa kiangazi. Hewa ya uani ni bora kuliko ya korido yenye watu tisa.

Kinachorefusha muda mara nyingi ni ahadi za mafundi, wala si kazi yenyewe. Fundi akikuambia anamaliza Jumatatu, mwulize Jumatatu ipi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni aliyeezuliwa paa anaweza kulima msimu mzima. Kwa hiyo tunaomba kamati zisilipe ujira wote mwanzoni, na vifaa vyote viwe vimeshafika kabla ya kubomoa. Kubomoa huku bado mnatafuta mbao ni kuwahamisha watu bila kujua watarudi lini.

Kama lazima wahame, waende nyumba gani? Desturi ni kwenda kwenye nyumba kubwa. Sisi tunasema angalieni kwanza aliyemo ndani. Nyumba ndogo ya kijana mwenye baraza pana ni afadhali kuliko nyumba kubwa yenye babu mwenye pumu. Na desturi nyingine ni kugawa watoto: wawili kwa mjomba, mmoja kwa bibi, mchanga abaki na mama. Nyakati za kawaida ni busara, maana mzigo unagawanyika. Nyakati za mlipuko kinachogawanyika ni ugonjwa, kutoka nyumba moja kwenda tatu. Familia ikae pamoja, kwa mwenyeji mmoja, ilale chumba chake au barazani, dirisha likiwa wazi na kila mtu ndani ya chandarua. Vyandarua vihame na wenyewe, tafadhali. Mtwara malaria haingoji korona iishe. Na kama kuna mtu anayetumia dawa za kifua kikuu, dawa na kadi yake viende naye, na kliniki ijulishwe.

Kuna hali mbili ambazo hazina mjadala. Ya kwanza ni hatari ya nyumba yenyewe. Ukuta umeinama, au mamlaka ya hali ya hewa imetoa tahadhari, ondokeni, mwende popote palipo salama, ugonjwa uwepo usiwepo. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, watu wa pwani yetu walitakiwa kuhama. Kikaelekea Cabo Delgado na kuwaumiza ndugu zetu ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 ilikuwa Hidaya. Hata ile sheria ya England ilimruhusu mtu kulala kwingine kama anakimbia madhara.

Ya pili ni kinyume chake. Mtu aliyewekwa chini ya uangalizi wa watu wa afya asihame hata kama paa lake liko chini. Ugonjwa wa Marburg ulipotokea Kagera mwaka 2023, na tena Biharamulo mwanzoni mwa 2025, waliokuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa siku 21. Mtu wa namna hiyo akihamia kwa dada yake, nyumba ya dada nayo inaingia katika hesabu. Hapo kazi isimamishwe, turubai lipelekwe kwake, na mtoa huduma ya afya wa mtaa aambiwe siku hiyo hiyo.

Neno kwa wafadhili wetu, ambao wameuliza kwa nini bajeti ya mwaka huu ina mstari mpya unaoitwa "makazi ya muda". Si anasa. Ni maturubai ambayo yatakwenda nyumba hadi nyumba na kurudi stoo ya usharika, na fungu dogo la kodi ya chumba kwa familia chache zisizo na uani. Mpaka sasa gharama hiyo imekuwa ikilipwa na mabibi kwa vitanda vyao. Mfadhili anayelipia paa la nyumba moja hana budi kujua ni mlango gani mwingine uliofunguliwa ili paa hilo lijengwe.

Fomu mpya ziko kwa katibu hapo mbele. Ukurasa wa pili una maswali manne: familia italala wapi, kwa siku ngapi, nani yumo katika nyumba hiyo, na nani wa kamati aliyezungumza na mwenyeji akiwa peke yake, bila wageni wake kusikia. Hilo la nne msilijaze mezani, mwende mkazungumze. Tunaomba zirudi ofisini kabla ya mwisho wa Julai, ili zile nyumba za udongo zianze kwanza.