Mtoto Aliyeuliza Habari za Yoshua



Sisi watu wa pwani hii, toka Moa hata Pangani, tulifundishwa mbingu kabla ya kufundishwa kusoma. Wazee wetu walikitazama Kilimia, wakajua majira ya kushika jembe. Na mvuvi wa Tongoni hahitaji kitabu kumwambia kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hiyo nayo ni elimu ya falaki, wala tusiidharau.

Basi siku moja, katika mafundisho ya dini, mtoto wa mvuvi alituuliza: “Baba Padri, shuleni tumeambiwa dunia ndiyo inayolizunguka jua. Mbona Yoshua alilisimamisha jua?” Tulimkemea, tukamwambia akariri sala zake. Jumapili iliyofuata hakuja.

Swali lile, ndugu, lina umri mkubwa. Copernicus, aliyekuwa kanoni wa kanisa kuu huko Polandi, alichapisha mwaka 1543 kwamba dunia hulizunguka jua. Mwaka 1610 Galileo aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Mshtarii, akaona miezi minne ikiizunguka. Basi si kila kitu kilichoizunguka dunia. Maneno yale yale ya Yoshua yakatumiwa dhidi yake. Mwaka 1633 alihukumiwa Roma, akafungiwa nyumbani mwake hata kufa kwake, mwaka 1642. Ilipofika tarehe 31 Oktoba 1992, Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri hadharani kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Miaka 359! Nasi tulikuwa tumelirudia kosa lile chini ya mwembe.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, Wamarekani na Waitalia walirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei zitokazo kwenye nyota, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, ambazo jicho la mvuvi, wala darubini ya Galileo, lisingeziona.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mtoto jioni, maji yakiwa yamekupwa, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Baba yake aliendelea kushona wavu. Kisha akamwambia mwanawe, “Haya, muulize tena.”