Kibano cha Bibi

Hotuba fupi iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kuzungumza juu ya kibano.

Nilipokuwa darasa la tatu, kijijini kwetu upande wa Ilongero, kazi yangu kila Jumapili ilikuwa kumng'oa bibi kope zilizogeukia ndani ya jicho. Alilaza kichwa mapajani pangu, akanisifu kuwa nina mkono mwepesi. Kope ziliota tena, zikakwaruza kioo cha jicho. Nilipoingia shule hii, bibi alikuwa hatofautishi tena mchana na usiku. Watu walisema ni uzee. Haukuwa uzee, ulikuwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma.

Mwaka 1907, huko Java, wataalamu Halberstaedter na Prowazek waliona vijipunje ndani ya seli za jicho lenye ugonjwa huu. Bakteria wake, klamidia, hujipenyeza ndani ya seli za utando wa kikope na kuzaana humo kwa siri. Kinga ya mwili hupeleka askari wake: jicho huwa jekundu, kikope huota vipele kwa ndani. Ugonjwa wa mara moja hupona. Lakini mtoto akiambukizwa tena na tena, vita hivyo vya kumwokoa huacha kovu juu ya kovu. Kovu hujikunja, huvuta kikope ndani, na kope hugeuka miiba.

Basi jicho la bibi lilianza kuharibika alipokuwa mtoto mwenye matongotongo na inzi usoni. Kibano changu kilichelewa miaka mingi.

Jirani zetu wa Kongwa, Mkoa wa Dodoma, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 1995. Vijiji vilivyohimizwa kunawisha watoto nyuso, pamoja na kupewa dawa ya macho, vilikuwa na vikope vikali vichache kuliko vilivyopewa dawa peke yake. Siku hizi ipo pia azithromaisini, dawa ya kumeza inayomfuata bakteria ndani ya seli. Lakini dawa haifuti kovu.

Mwaka jana nilimkuta dada yangu ameshika kibano. Nilimpeleka akafanyiwa upasuaji mdogo wa kugeuza kikope. Kope hazimchomi tena. Ukungu uliokwisha kuingia jichoni umebaki.

Vijana, mkienda likizo, nawaomba mambo mawili. Wanawisheni wadogo zenu nyuso kila siku, hata kama maji ni kopo moja. Na mkimwona bibi ana kibano, msimsaidie kung'oa. Mpelekeni hospitali.