Alama na Boma: Kuchagua Kampuni ya Kuhifadhi Tovuti ya Biashara

Mazungumzo kwa wafanyabiashara wa wadi ya Waberi, Garissa



Kila mwenye mifugo anayefika soko la Garissa anajua tofauti ya alama na boma. Alama iliyochomwa kwenye ngozi ya ngamia huonyesha mwenyewe ni nani. Boma ni mahali pa kulala tu. Malisho yakiisha ngamia huhamishwa, na alama huenda naye.

Tovuti ya biashara ina mambo hayo hayo mawili. Alama yake ni domeini, yaani lile jina ambalo mteja huliandika kwenye simu, kwa mfano linaloishia na .co.ke. Boma lake ni seva, kompyuta inayowaka usiku na mchana ikihifadhi kurasa, picha na barua pepe za biashara. Kampuni inayokodisha nafasi kwenye seva ndiyo kampuni ya kuhifadhi tovuti. Wengi hulipia vyote viwili kwa mkupuo mmoja bila kuvitenganisha, na hapo ndipo hasara kubwa huanzia.

Domeini ni ya nani?

Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC, na husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Makampuni hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, na tangu mwaka 2017 mtu anaweza kusajili jina fupi linaloishia na .ke pekee.

Chukulia mwenye nyumba ya wageni anayemwachia kijana mjuzi wa kompyuta kazi yote. Kijana anasajili domeini kwa jina lake na barua pepe yake, si kwa nia mbaya, ni kwa haraka tu. Miaka miwili baadaye amehamia mji mwingine na amebadilisha namba ya simu. Ilani ya kulipia upya inaenda kwenye barua pepe asiyoifungua tena, na domeini inakufa. Jina hilo limeandikwa kwenye kibao cha barabarani, kwenye kadi na kwenye risiti, na sasa mtu mwingine anaweza kulichukua. Mwenye biashara amebaki na ujumbe wa M-Pesa kuwa alilipa, lakini jina hana. Ipo njia ya kusuluhisha migogoro ya aina hii, ila kinga ni nafuu kuliko kesi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni domeini kusajiliwa kwa jina la biashara au la mwenyewe, na nenosiri kukaa kwake. Barua pepe ya mawasiliano iwe anayoifungua kila siku, na isiwe ya domeini hiyo hiyo, kwa sababu domeini ikizimika na barua pepe yake huzimika. Alama ikiwa ya mwenyewe, boma likiharibika atahamia jingine.

Maswali ya kuiuliza kampuni

*Nakala ya akiba iko wapi?* Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hiyo ni miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hii barani Ulaya. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi kazini. Baadhi ya wasiokuwa nayo walipoteza kila kitu. Mteja aulize nakala huchukuliwa kila baada ya siku ngapi, kama huwekwa katika jengo tofauti, na kama kuirudisha kunalipiwa. Pamoja na hayo, aweke nakala yake mwenyewe kwenye flashi kila mwezi.

*Seva iko nchi gani?* Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikawa nzito nchini Kenya. Tovuti iliyo kwenye seva ya Nairobi inaweza kumfikia mteja wa Garissa bila kuvuka bahari, kwa kuwa mitandao ya nchini hubadilishana mawasiliano katika kituo cha KIXP. Biashara ambayo wateja wake ni ndugu walioko Minneapolis au London inaweza kufaa zaidi kwenye seva ya huko.

*Tovuti itakuwa hewani kwa kiasi gani?* Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ahadi ya asilimia 99.9 inaruhusu tovuti kuzimika kwa dakika 43 hivi. Asilimia 99 inaruhusu saa 7 na dakika 12, karibu siku nzima ya soko.

*"Bila kikomo" maana yake nini?* Seva moja hugawanywa kwa wateja wengi, na masharti huwa na mpaka. Ukurasa wa megabaiti 3 ukifunguliwa mara 100 kwa siku, kwa mwezi hutumia gigabaiti 9 hivi. Duka dogo halihitaji kifurushi kikubwa. Lianze na kidogo kinachoweza kuongezwa.

*Mwaka wa pili ni bei gani?* Punguzo la mwaka wa kwanza huvutia, kisha ankara ya pili huja mara mbili au tatu. Bei ya dola nayo hupanda shilingi ikishuka. Cheti cha usalama kinacholeta alama ya kufuli kisiwe sababu ya kutozwa sana, kwani Let's Encrypt hukitoa bure.

*Nani atapokea simu?* Kampuni ijaribiwe kabla ya kulipwa. Ipigiwe Ijumaa usiku. Isipojibu mteja mtarajiwa, haitajibu aliyekwama.

Siri za wateja

Tovuti inayopokea majina, namba za simu au vitambulisho inaguswa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inataka mkataba wa maandishi kati ya mwenye biashara na anayemhifadhia data. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Makubaliano ya mdomo hayatoshi.

Kwa wenye tovuti tayari, kuna kazi moja isiyogharimu hata shilingi: kumuuliza aliyeitengeneza domeini imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha tarehe gani. Likiwa si jina la mwenyewe, lihamishwe sasa, wakati uhusiano ni mzuri na simu inapokelewa.