Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini Alipe Nani?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Leo nauliza swali moja tu: alipe nani?

James Madison, Rais wa nne wa Marekani, husifiwa kuwa baba wa katiba ya nchi hiyo. Alipofariki dunia mwaka 1836 alimwachia mjane wake, Dolley, shamba la Montpelier huko Virginia, watumwa wapatao 100, na madeni. Katika wasia alieleza kuwa angependa wasiuzwe bila ridhaa yao. Lakini matakwa ya marehemu hayamzuii mdai. Kwa sheria ya Virginia mtumwa alikuwa mali, na mali hukamatwa.

Mwana wa Dolley wa ndoa ya kwanza, John Payne Todd, alikuwa mlevi na mcheza kamari, akazidisha madeni. Mwaka 1844 watumwa walikamatwa ili wauzwe kufidia deni. Barua ya mmoja wao, Sarah, ilimfikia mjane ikimsihi awanusuru, wasije wakatenganishwa na waume na wake zao. Mwaka huohuo shamba liliuzwa.

Yuko pia Paul Jennings, aliyemhudumia Madison hadi siku ya kufa. Mwaka 1841 Dolley aliandika wasia kuwa yeye akifa, Jennings awe huru. Shida zilipombana, mwaka 1846 alimuuza kwa dola 200. Mwaka 1847 Seneta Daniel Webster alimkomboa kwa dola 120, naye Jennings akatakiwa kuzirudisha kwa kufanya kazi, dola 8 kwa mwezi. Yaani miezi 15 ya jasho kujinunua mwenyewe!

Baadaye mjane alipofukarika, Jennings alimsaidia kwa vijisenti vyake. Wengi humsifu kwa moyo huo. Nami namsifu. Ila nasema tusisahau nani hasa alikuwa akimdai nani.

Wala tusidhani hayo ni ya Marekani peke yake. Kwetu Unguja, hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, fidia iliwekwa kwa ajili ya mabwana. Aliyelima mikarafuu bila ujira hakuitwa dirishani kupokea chochote.

Basi, ndugu zangu, tusomapo habari za mirathi ya wakubwa wa zamani, tuyatazame majina yaliyoandikwa upande wa mali. Hao ndio waliokuwa wakidai, na hawakulipwa.