Tezi Dume: Kufunguliwa Tumbo au Kamera?

Unaamka usiku mara nne, unasimama chooni, mkojo unatoka matone matone. Tezi dume iliyotanuka si saratani, na wengi hupata nafuu kwa vidonge. Vikishindwa, au mkojo ukiziba kila mara, ndipo upasuaji unapofuata.

Upo wa kupitia njia ya mkojo, tumbo halikatwi. Daktari huingiza kifaa chembamba chenye kamera, akaikwangua tezi kwa waya wa umeme, kipande kwa kipande. Mpira wa mkojo unaowekwa baada ya hapo mara nyingi hutolewa baada ya siku moja hadi tatu. Kifaa hicho hakipo kila hospitali, Muhimbili kipo.

Katika upasuaji wa kufungua, daktari hukata chini ya kitovu na kuibandua nyama ya ndani ya tezi kwa kidole, kama chungwa linavyotolewa kwenye ganda. Damu hupotea zaidi, mpira hukaa takriban wiki. Lakini kwa tezi kubwa, ya zaidi ya gramu 80 hivi, bado ni njia nzuri. Msiidharau.

Nguvu za kiume? Kwa wengi hubaki. Shahawa ndizo mara nyingi hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Anayetaka mtoto amwambie daktari mapema. Na gunia la kahawa, baba, usilibebe kwa wiki sita baada ya upasuaji.